Kasuku wa Mpondwe

Anayevuka daraja la mto Lhubiriha siku ya soko, akitoka Bwera kwenda Kasindi upande wa Kongo, husikia lugha 4 kabla hajafika ng'ambo: Lhukonzo, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, wao wanaelewana bila tabu. Lakini soko la Mpondwe lina wageni wengi. Mnunuzi wa kahawa ametoka Kampala, mwenye vitenge ametoka mbali kupita Beni, karatasi za forodha huku ni za Kiingereza na kule ni za Kifaransa. Katikati yao husimama mtu asiye na gunia wala kitenge. Mali yake ni ulimi. Akiwapo, gunia hupanda mzani na pesa huhesabiwa. Asipokuwapo, watu wawili wenye nia njema hutazamana mpaka jua likazama.

Nimemfikiria sana mtu huyo tangu nianze kufuatilia habari za makampuni ya kompyuta yanayobadili prosesa. Hekaya hii ni yake, ingawa inaanza kwa fundi.

Juu ya bonde la mto Nyamwamba aliishi Mbega, fundi wa vinu vya kusagia. Mwenyewe alivaa koti jeusi lenye matamvua meupe, na vinu vyake vilifanana naye: mbao za mvule, kingo laini, mfuniko unaofunga bila mlio. Wanyama walisema unga wa kinu cha Mbega hauna tofauti na unga wa kinu kingine, ila mkono hufurahi zaidi kukishika. Bei nayo ilikuwa ya peke yake.

Kitu kimoja Mbega hakuwa nacho, nacho ni jiwe. Mbao, mishikio na mfuniko ni nyumba tu; kinachosaga ni jiwe, na jiwe alilipata kwa wachongaji. Tena mawe ya nchi ile yalikuwa na tabia yake. Hayakuzunguka kwa nguvu ya mkono, yalizunguka kwa wimbo. Kila jiwe lilizaliwa na lugha ya mchongaji wake. Uliimbie kwa lugha hiyo, linazunguka. Uliimbie kwa lugha nyingine, linakaa kimya hata wimbo uwe mtamu namna gani. Ndiyo maana watunzi waliheshimiwa. Chiriku alitunga wimbo wa kusaga mtama, Nyenje alitunga wa kahawa na wa muhogo mkavu wa obundu, na Korongo, mkubwa wao, alikuwa na wimbo wa unga wa harusi ambao hakuna bwana harusi aliyethubutu kuukosa.

Mawe ya kwanza yalitoka kwa Kobe. Yalikuwa mazuri, kisha watu wakaanza kutaka unga mwingi na jiwe la Kobe likabaki na mwendo wa Kobe. Mbega akamfuata Tembo, mzee mwenye misuli na akiba. Wakakaa watatu, Mbega, Kobe na Tembo, wakakubaliana kuchonga jiwe jipya lenye lugha mpya. Lugha hiyo ikaitwa Kitembo. Nyimbo zikatungwa upya, wanyama wakanung'unika msimu mmoja, wakazoea.

Jiwe la Tembo lilikuwa na nguvu, na lilikuwa na joto. Likisaga kwa muda mbao zilianza kunuka moshi. Mbega akalizungushia mfereji wa maji kulipoza. Kinu cha uani kiliweza kuvumilia mfereji. Lakini akina mama wa Kyarumba walitaka kinu cha kubeba mgongoni, washuke nacho mpaka soko la Bwera, na nani atabeba jiko linalowaka? Mbega alisimama mbele ya mkutano akaahidi: mvua hizi zikirudi, jiwe litazunguka mara 3,000 kwa pumzi moja. Mvua zikarudi. Jiwe lilikuwa limefika 2,500.

Tembo hakuwa mvivu. Alikuwa na wateja wakubwa zaidi. Aliwachongea wafalme mawe ya ghala, na alikuwa ameanza kuchonga mawe ya michezo ya watoto, maelfu kwa maelfu. Vinu vya Mbega vilikuwa vichache machoni pake, naye hakuona sababu ya kukesha akitafuta jiwe jepesi lisilochoma mgongo wa mama wa Kyarumba.

Mji wa Kasese unajua kwa mwili wake jinsi ilivyo kumtegemea mmoja. Reli ilifika mjini mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Shaba ilisafirishwa mpaka Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, na mji mzima uliota kandokando ya shimo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shimo likanyamaza, na baadaye treni nazo zikanyamaza. Waliobaki ni watu, pamoja na lundo la pairati lililoachwa na mgodi. Kutoka lundo hilo kampuni nyingine, kuanzia mwaka 1999, ilivuna kobalti kwa kutumia vijidudu vinavyokula mawe. Aliyekulia karibu na lundo lile haulizi kwa nini fundi mwenye mchongaji mmoja hulala jicho moja wazi.

Mbega hakulala kabisa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na pango, na kwa miaka 5, kila alipounda kinu chenye jiwe la Tembo, usiku alikiundia pacha mle pangoni chenye jiwe la Kiboko.

Kiboko wa mfereji wa Kazinga alikuwa mchongaji wa vinu vyote vya tambarare. Mbega alikuwa amemsema sokoni kwa miaka, akimwita konokono mbele za watu. Siku moja fundi akaita mkutano chini ya mkuyu. Alisaga asubuhi nzima mbele yao, unga ukamiminika, wanyama wakashangilia. Kisha akafunua mfuniko. Jiwe lililokuwa likizunguka muda wote ule lilikuwa la Kiboko.

Mkuyu huo una jina na siku ile ina tarehe. Ilikuwa tarehe 6 Juni 2005, San Francisco, na aliyefunua mfuniko alikuwa Steve Jobs wa Apple. Kobe ni Motorola, aliyetoa prosesa ya Macintosh ya kwanza mwaka 1984. Tembo ni IBM. Mapatano ya watatu yalifanyika mwaka 1991, na prosesa yao, PowerPC, ikaingia katika kompyuta za Apple mwaka 1994. Ahadi ya gigahezi 3 ndani ya miezi 12 ilitolewa mwaka 2003, na mwaka uliofuata mashine yenye kasi kubwa zaidi ilikuwa ya gigahezi 2.5, ikipozwa kwa maji. Prosesa ile, iliyoitwa G5, haikuingia kamwe katika kompyuta ya kubeba. Michezo ya watoto nayo ni ya kweli: Xbox 360, PlayStation 3 na Wii zote zilibeba mawe ya ukoo wa PowerPC. Kiboko ni Intel. Kompyuta za kwanza za Apple zenye jiwe lake zilitoka Januari 2006, na kufikia Agosti mwaka huohuo hapakuwa na mpya hata moja yenye jiwe la Tembo.

Chini ya mkuyu, shangwe zilipopungua, Nyenje aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo tumboni.

"Fundi, na nyimbo zetu? Zote ni za Kitembo."

"Mtaimba hizohizo," akasema Mbega. "Kasuku atasimama kando ya kila kinu. Ninyi mtaimba Kitembo, yeye atalinong'oneza jiwe kwa Kikiboko. Hamtamwona hata kuwapo. Polepole kila mtunzi atautunga upya wimbo wake."

Katika dunia ya watu, Kasuku huyo aliitwa Rosetta, programu inayotafsiri maagizo ya prosesa moja yaeleweke na nyingine papo kwa papo. Jina lilitoka kwa jiwe lililochimbuliwa Rashidi, Misri, mwaka 1799, lenye tangazo moja lililochongwa kwa maandishi ya aina 3, ambalo liliwawezesha wasomi kusoma tena maandishi ya Mafarao. Rashidi ipo mwisho wa mkono mmoja wa mto Nile. Na maji ya Nyamwamba yanaingia ziwa George, yanapita Kazinga kwenda ziwa Edward, yanashika mto Semliki mpaka ziwa Albert, halafu Nile. Theluji inayoyeyuka juu ya Kilembe hupita, baada ya safari ndefu, karibu na udongo uliolificha jiwe la mkalimani. Sijui kulipita jambo hili bila kusimama kidogo.

Kasuku alifanya kazi kwa uaminifu. Alichukua konzi ya unga kama ujira, kwa hiyo kusaga kwa kupitia kwake kulikuwa kwa polepole kuliko kusaga kwa wimbo wa Kikiboko chenyewe. Nyimbo kongwe za enzi za Kobe hakuzijua. Hizo zilikufa siku ileile. Lakini zilizobaki zilikwenda. Korongo, kwa ukubwa wake, alichukua zaidi ya mwaka kuutunga upya wimbo wa harusi, na muda wote huo maharusi walikula kwa ulimi wa Kasuku. Watunzi wakubwa wa kweli walifanya vivyo hivyo: Photoshop ya Adobe haikuizungumza lugha ya Intel mpaka mwaka 2007. Bila mkalimani, uhamisho ule ungekuwa mafuriko ya Nyamwamba, kama yale ya Mei 2013, kila kilichosimama kinabebwa.

Miaka ikapita. Mbega alikuwa na desturi ya kugawa mafuta mapya ya kinu kila baada ya muda. Mafuta yalizuia fukusi wasiingie katika mbao, na nyimbo mpya zilikataa kuimbika katika kinu chenye mafuta ya zamani. Mgao mmoja ulikuja na tangazo: wenye mawe ya Tembo hawana fungu lao tena. Mgao uliofuata ulikuja na tangazo la pili: atakayepaka mafuta haya, Kasuku ataondoka kwake.

Chini Bwera, karibu na barabara ya Mpondwe, aliishi Mama Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe na magenge, mwili wa sungura, ukoo wa tembo, na watu wengi wa mjini hawajui kama yupo. Alikuwa na kinu cha Mbega chenye jiwe la Kiboko, na kazi yake ilikuwa kusaga kahawa ya majirani. Wimbo wa kahawa ulikuwa wa Nyenje, kwa Kitembo. Nyenje alikuwa amekufa kabla hajautunga upya. Hakuacha mwanafunzi.

Mama Pimbi alifunga leso kiunoni akapanda mlima, siku mbili, mpaka kwa Mbega.

"Karibu, mama. Pumzika."

"Nimeshapumzika njiani, Fundi. Nimekuja kwa habari ya Kasuku."

"Kasuku amemaliza kazi, mama. Wengi wameshahama."

"Wengi wa wapi?"

Mbega akamwonyesha mti uliochanjwa alama. "Kila kinu kinachotoka mlangoni mwangu nakichanja hapa. Tazama mwaka huu. Tazama mwaka jana na juzi. Karibu wote hawaimbi tena Kitembo."

Mama Pimbi akautazama mti kwa muda. Akainua kidole mpaka kwenye alama moja ya chini, iliyoanza kufunikwa na gome.

"Changu ni hiki. Kilikwenda kwa Swala wa mjini, akakichoka. Kikaenda kwa Ngiri wa Kasese, akakitumia mpaka mpini ukalegea. Mimi nimekinunua soko la Bwera kwa kahawa ya misimu miwili. Nimeanza kukisagia wiki ya pili sasa. Wewe unaniambia muda umekwisha, Fundi, na mimi ndiyo kwanza naanza."

Mbega hakuwa mkatili. Alikaa kimya, akapapasa ile alama. "Nikimbakiza Kasuku," akasema mwishoni, "lazima nimlishe, nimfundishe kila nibadilipo mafuta. Na watunzi wataendelea kuzembea wakijua yupo."

"Nyenje hazembei," akasema Mama Pimbi. "Nyenje amekufa."

Katika mazungumzo haya mimi sina shaka nipo upande gani, na nitasema pia kwa nini simlaumu Mbega kwa kila kitu. Kubadili jiwe ilikuwa haki yake na pengine wajibu wake. Mchongaji aliyemgeuzia mgongo angemzika. Waliobeba kompyuta za kubeba zenye prosesa za Intel walipata mashine nyepesi na za haraka, na hilo lilikuwa jema la kweli. Hoja yake kuhusu watunzi nayo ina uzito. Kosa lake lipo kwenye mti. Alihesabu vinu kwa siku vilipotoka mlangoni, na kinu hakiishi mlangoni. Kompyuta inayofika Bwera mara nyingi imeshapita mikono miwili au mitatu, na mwenyewe wa mwisho huilipia kwa jasho kubwa kuliko wa kwanza. Saa ya mkalimani inapowekwa kwa kumtazama mnunuzi wa kwanza, wa mwisho hupokea mashine na tangazo la kifo chake siku moja.

Tarehe za kweli zinauma vivyo hivyo. Mashine za mwisho za PowerPC zilikoma kuuzwa Agosti 2006. Agosti 2009 toleo jipya la mfumo, Snow Leopard, likawaacha wenye jiwe la Tembo nje. Miaka 3. Julai 2011, toleo la Lion likamfukuza Rosetta. Na kiota alimozaliwa Rosetta, kampuni ya Transitive iliyotokana na Chuo Kikuu cha Manchester, kilikuwa kimeshanunuliwa na IBM. Tembo alimnunua mkalimani aliyewasaidia wateja kumhama.

Kiboko hakudumu. Akanenepa, akaahidi jiwe jembamba, akachelewa miaka kadhaa kulileta. Mbega wakati huo alikuwa amejifunza kuchora mawe mwenyewe, kwanza madogo ya vinu vya mfukoni. Lugha ya mawe hayo haikuwa ngeni kwake. Alikuwa mmoja wa waliochangia kuilea tangu ikiwa changa. Kuchonga hakuweza, kwa hiyo michoro aliipeleka kwa Nyuki wa ng'ambo ya bahari, wenye kuchonga vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa majina: kampuni ya ARM, yenye lugha hiyo, iliundwa mwaka 1990, Apple ikiwa miongoni mwa waanzilishi watatu pamoja na Acorn na VLSI, Nyuki ni TSMC wa Taiwan, uhamisho ulitangazwa Juni 2020, prosesa ya M1 ikatoka Novemba mwaka huo, na Juni 2023 kompyuta mpya ya mwisho yenye jiwe la Kiboko ikabadilishwa. Akaja Kasuku wa pili, Rosetta 2, mwepesi kuliko wa kwanza, naye ameshatajiwa siku. Mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba mfumo wa macOS 26 ndio wa mwisho kwa wenye Intel, na kwamba mkalimani atabaki kikamilifu mpaka macOS 27.

Mama Pimbi alishuka mlima bila jibu. Kule chini aliwakuta wengine. Kinyonga, mwenye jiwe la Tembo lisilopata mafuta, alikuwa akichemsha mafuta yake mwenyewe jikoni. Walikuwapo watu wa namna hiyo duniani: kwa zaidi ya miaka 10, kuanzia 2010 mpaka 2021, kulikuwa na kivinjari cha intaneti kiitwacho TenFourFox, kilichotunzwa kwa ajili ya kompyuta za PowerPC ambazo mwenye kiwanda alikwisha kuziaga. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa na mashine nzima na hawakukubali kwamba imekufa.

Kasuku alikuwa bado hajaondoka Bwera. Mama Pimbi hakuwa amepaka mafuta mapya. Alijua fukusi wataingia, alijua kila mwezi nyimbo nyingine zitaukataa mlango wake, lakini alikuwa na kahawa ya jirani magunia 3 na msimu haujaisha. Jioni ile alimwita mjukuu wake, akamkalisha karibu na kinu, akamtandikia Kasuku mkeka kama mgeni wa heshima.

"Mzee," akamwambia, "wewe umeunong'oneza wimbo wa Nyenje masikioni mwa jiwe hili kwa miaka. Usiunong'oneze leo. Useme kwa sauti, mtoto asikie."

Kasuku akashangaa, maana maisha yake yote alisifiwa kwa kutosikika. Akakohoa. Akaanza, neno kwa neno, Kitembo kwanza, halafu Kikiboko. Mtoto akarudia. Mstari wa kwanza alikosea irabu moja, jiwe likazunguka nusu likasimama. Kule darajani watu wa mwisho walikuwa wakivuka na magunia matupu begani. Kasuku akamsahihisha irabu ile. Mama Pimbi akamimina konzi nyingine ya kahawa, na mtoto akaanza upya.